Golikipa wa Zamu

Msimu ule tulicheza mechi tisa za kwanza, tukafungwa nane, tukatoka sare moja. Sare yenyewe tuliipata kwa sababu mvua ilimwagika dakika ya ishirini na refa akakimbilia barazani kwa watu na filimbi yake. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Mtaa wetu ulikuwa Temeke, upande wa kuelekea Mtoni: nyumba hamsini zilizopangika kama meno ya mzee, na penye mapengo ndipo palipokuwa na vyoo. Katika nyumba hizo hamsini hakukuwa na mazungumzo mengine. Kwenye bomba la maji, kwa kinyozi, kwenye foleni ya sukari, swali lilikuwa moja tu, kosa ni la kocha au la wachezaji. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wakarudi na vikapu vitupu, na njia nzima hawakuwa na neno na duka. Neno lao lilikuwa na winga wa kushoto. Kwa kinyozi mtu mmoja aliambiwa kwamba hata mpishi hodari hawezi kupika pilau kwa pumba, akajua anatukanwa mpwa wake aliyecheza beki, akanyanyuka kitini kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Siku mbili alitembea hivyo hivyo mtaani, kwa msimamo.

Mie sikuwa mtazamaji. Nilikuwa katibu wa timu. Kazi ya kunilisha ilikuwa kuuza nazi soko la Temeke, na muuza nazi huhesabu mara mbili, kwanza kwa macho halafu kwa sikio, maana nazi iliyokauka ndani hufanana na nzima mpaka uitikise. Watu waliona mtu anayehesabu hivyo hawezi kudanganywa, wakanipa daftari la timu. Hakuna aliyejiuliza kama mtu huyo anaweza kujidanganya mwenyewe.

Ni lazima nieleze tulivyokuwa tunapanga timu, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelitaja.

Zamani mtaani kulikuwa na timu mbili, na kila zikikutana mchezo uliishia kwa mawe. Tawi la Chama likataka timu moja, ya wote. Kikao cha kuiunda kikavunjika mara mbili. Tulikuwa na mashina matano, yaani makundi matano ya nyumba kumi kumi, kila moja na balozi wake, na kila balozi alikuja na majina kumi na moja ya vijana wake. Majina hamsini na tano. Kikao cha tatu kilipoanza kunuka ugomvi, nikasimama mie. Nikasema, ndugu, mbona hesabu hii ni nyepesi? Mashina matano, wachezaji wawili kwa kila shina, hao ni kumi. Makofi. Mwenyekiti wa timu, mzee mmoja aliyestaafu ukarani na kubaki na sauti yake ya ofisini, akauliza: na wa kumi na moja? Wa kumi na moja ni golikipa, nikasema, huyo atazunguka kwa zamu. Mechi hii shina la kwanza, ijayo la pili, mpaka la tano, halafu tunaanza upya.

Walipiga makofi hadi mama muuza uji jirani akaja kuuliza nani kaoa. Mwenyekiti alisema usawa ndio huo, tulikuwa tunauimba tu, leo tumeuona kwa macho. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyemaliza gunia zima bila kubakiwa na hata koroma moja.

Basi golikipa wa shina la kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, aliyekuwa akivua miwani kabla ya mchezo ili isivunjike. Wa pili alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kila mpira ukija alifumba macho. Watu wengine walidhani anasali. Wa tatu alikuwa kuli wa bandarini, mikono kama makasia, na huyo kweli alikuwa golikipa. Wa nne alikuwa na mwili wa kuziba lango zima ila hakuwa na moyo wa kubaki ndani yake. Wa tano alikuwa shemeji yake mwenyekiti, na sitasema zaidi. Hivyo kila mechi tano tulikuwa na golikipa mara moja. Halafu watu wakakaa barazani kujadili mbona tunafungwa.

Kocha wetu alitoka upande wa Lindi. Alikuja mjini kijana, akacheza mpira miaka kadhaa na watu wa bandarini, akavunjika goti, na goti lilipokwisha na kibarua kikaisha. Alikuwa amepangishwa chumba cha uani kwa mwenyekiti. Mshahara hakuwa nao, wala hakuuomba. Alichokuwa nacho ni barua. Tuliandika kwamba ndugu huyu ni mwalimu wa timu ya mtaa na anafanya kazi halali, tawi likagonga muhuri, na yeye akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa nailoni, akaweka ndani ya mfuko wa shati upande wa moyo.

Asiyeishi wakati ule anaweza kudhani ni mbwembwe. Ilikuwa miaka ya msako. Mtu asiye na karatasi ya kazi aliitwa mzururaji, na mzururaji alipakiwa kwenye lori akapelekwa kijijini kulima, si lazima kijiji chake. Mgambo walimsimamisha kocha mara mbili pale Tandika. Mara zote alitoa nailoni yake, akaifungua taratibu kama mtu anayemenya yai, wakasoma, wakamwachia. Alinisimulia akicheka, lakini mkono ulikuwa kwenye mfuko.

Baada ya mechi ya tisa alinifuata sokoni asubuhi. Nilikuwa natikisa nazi. Alichuchumaa upande wa pili wa gunia, akachukua moja na yeye akaitikisa, akaiweka chini.

"Bwana katibu," alisema, "mie sikuja kulia. Nina vijana kumi, wengine wanajua mpira zaidi, wengine kidogo. Lakini beki hajui nyuma yake kuna nani. Kila Jumapili uso mpya. Atamwachia vipi mpira mtu asiyemjua?"

Nikamuuliza anataka nini.

"Golikipa mmoja. Yule kuli wa shina la tatu. Mechi tano mfululizo."

"Tano hawakubali. Sema mbili."

"Tatu."

"Nakuletea moja. Ukishinda hiyo, ya pili itakuja na miguu yake."

Alinitazama, kisha akacheka. "Kumbe na mie napatanwa bei kama nazi."

Nililipeleka ombi kwenye kamati jioni ya Alhamisi, nikaona mara moja halitoki. Mechi ya kumi ilikuwa zamu ya shina la tano, shina la mwenyekiti. Wenzake walisema shina hilo limesubiri mechi nne nzima, leo linyimwe haki yake kwa sababu ya kuli? Nikasema hivi, nikasema vile. Mwenyekiti alikuwa anatazama saa yake ya mkononi. Sokoni mzigo ukikataa kutoka, muuzaji huongeza kitu juu yake, fungu la pilipili, ndimu mbili. Pale mezani sikuwa na ndimu. Nikasema: mpeni mechi hii moja, na akifungwa, uitishwe mkutano wa wanachama uamue kama anabaki.

Walikubali kabla sijafunga mdomo. Mzigo ukinyakuliwa haraka hivyo, ujue umeuza chini ya bei.

Kocha nilimwambia nusu. Nilimwambia golikipa amepatikana. Kuhusu nyongeza niliyoitoa, ambayo haikuwa mali yangu, nilijiambia kwamba atashinda na haitakuwa na haja ya kuijua.

Mechi ilikuwa Kigamboni. Tulikusanyika Magogoni kusubiri pantoni, nikahesabu vichwa: kumi na mmoja. Tukavuka, nikahesabu tena upande wa pili: tisa. Nikageuka kutazama maji. Wachezaji wawili wa shina la tano, mmojawapo nahodha wetu, walikuwa wamebaki ng'ambo, wamekaa kwenye ukuta, jezi zetu mwilini. Shina lao limenyang'anywa zamu, nao wamegoma. Wachezaji wa akiba hatukuwa nao, maana suala la akiba lilikuwa bado liko kamatini, halijapatiwa mgawanyo.

Kocha aliangalia goti lake, akaniangalia mie. Akaniambia nivue viatu.

Nilicheza upande wa kulia na shati langu la sokoni, refa akasema rangi imekaribia. Niligusa mpira mara tatu, nikihesabu na ule ulionipiga mgongoni. Lakini niliona kitu ambacho mtu wa daftari hakioni. Yule kuli alikuwa akiita. Tangu dakika ya kwanza aliita kila beki kwa jina lake la nyumbani, akisema acha, wangu, sogea, rudi, na wale mabeki waliokuwa wakigongana msimu mzima walianza kuacha, kusogea, kurudi. Tulikuwa tisa na muuza nazi mmoja, na Kigamboni hawakupita. Mapumziko yalifika bila goli. Kocha alikuwa anatabasamu akitazama chini, kama mtu anayeogopa kumtisha ndege.

Karibu na mwisho wakapata kona. Kocha alinipigia kelele kutoka nje nimshike mshambuliaji wao mmoja mrefu, nisimwache hata akienda kunywa maji. Nilimshika. Kisha nikatazama jua, nikaanza kupiga hesabu ya dakika zilizobaki, maana sare Kigamboni ilikuwa kama ushindi na mie nilikuwa na sababu zangu za kutaka isiwe kufungwa. Nilipomaliza hesabu yule mtu hakuwa karibu nami. Alikuwa hewani. Moja bila.

Njia ya kurudi vijana walikuwa wanaimba. Ndiyo, wamefungwa na wanaimba, wakasema wiki ijayo tukiwa kumi na mmoja itakuwaje. Kocha alikaa karibu nami kwenye pantoni akipanga kwa vidole nani atacheza wapi. Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu mkutano. Alikunja vidole. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Aliuliza tu ni lini.

Ilikuwa Jumapili iliyofuata, saa kumi alasiri, uwanja wa tawi. Walikuja watu sitini na zaidi kwa mpira ambao haukuwahi kutazamwa na thelathini. Mwenyekiti alifungua kwa kusema ajenda ni moja yenye vipande viwili, kosa ni la kocha ama ni la wachezaji, na kama ni la kocha aondoke. Wakasimama wasemaji. Mmoja alisema kocha hajui hata kupiga filimbi. Mwingine akasema wachezaji wa siku hizi wanakula mihogo wanataka kukimbia kama waliokula nyama, kwani nani kala nyama hapa, wakacheka kidogo. Nahodha, yule aliyebaki Magogoni, alisema kwa uso mkavu kabisa kwamba wao walikuwa tayari, jezi walishavaa, kocha ndiye aliyewadharau.

Kisha akasimama fundi cherehani wa shina la kwanza, miwani mkononi.

"Najua mie ni golikipa mbovu," alisema. "Hata mke wangu anajua. Lakini nani alinipanga? Siyo kocha."

Nadhani watu wote sitini na zaidi walikuwa wamelishika jibu mkononi wakati ule, ilibaki mtu mmoja alitamke. Fundi alinitazama mie. Nilitazama daftari.

"Ndugu, tusitoke nje ya ajenda," alisema mwenyekiti. "Hapa ni kocha au wachezaji. Kaa."

Akakaa. Mpaka leo nikisikia watu wanabishana kwenye redio kama kosa ni la kocha au la wachezaji, naizima. Si kwamba sijui mpira. Najua ubishi huo unavyowasitiri watu wengine.

Kocha alipewa nafasi. Alisimama akiegemea mguu mzima.

"Sina la kujitetea, kufungwa tumefungwa. Ila mkiniondoa, na barua inaondoka, na nyie wenyewe mnajua huko nje kukoje. Basi."

Kura ilikuwa ya mikono, na mhesabuji ni katibu, asiyepiga kura. Wanaotaka abaki: nikapita mstari kwa mstari, thelathini na nne. Wanaotaka aondoke: thelathini na tatu. Nikatamka. Niliona bega la kocha likishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Mwenyekiti hakuandika. Alisema kwa sauti yake ya ofisini, "Katibu, si wewe huhesabu mara mbili? Hesabu tena."

Kisha akasimama mbele, mkono wake wa kumwondoa kocha ukiwa juu tayari, akaanza kutembeza macho juu ya watu taratibu, uso baada ya uso. Mle alikuwamo mpangaji wake mwingine. Alikuwamo mtu aliyeandikiwa na tawi barua ya kuomba bati. Walikuwamo mabalozi watano na watu wa nyumba zao. Nikahesabu: abaki, ishirini na tisa, aondoke, thelathini na nane. Jumla ni sitini na saba mara zote mbili. Hakuna aliyeingia wala kutoka.

Ningeweza kusema ya kwanza ndiyo kura. Ningeweza kusema kanuni ya zamu ni yangu, ifutwe hiyo kwanza. Nimeyapanga maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na huwa yanatoka vizuri sana. Lakini meza yangu sokoni nayo ilisimama kwa karatasi, na karatasi ilitaka muhuri wa tawi lile lile kila baada ya miezi sita. Nikaandika thelathini na nane.

Mwenyekiti akaniagiza nichukue barua siku hiyo hiyo, asije mtu akatembea na jina la timu wakati si wetu.

Nilimkuta kocha chumbani uani anashona mpira, mguu umenyooshwa. Alimaliza mishono aliyokuwa anapiga, akakata uzi kwa meno, akanipa mpira kwanza. Nikasimama nao kwapani. Alijua nimefuata nini.

"Niachie mpaka Ijumaa," alisema. "Kuna mtu kaniahidi kibarua bandarini. Ijumaa ananipa jibu."

Mpaka Ijumaa ni siku tano. Nimeishi kwa kupatana bei, na ninajua uso wa mtu aliyetaja bei ya juu ili ashushwe. Alikuwa ananisubiri nitaje Jumatano. Hata Jumanne angechukua.

"Mwenyekiti kasema leo," nikasema.

Alifungua mfuko wa shati, akanipa na nailoni yake.

Mwenyekiti sikumkuta. Alikuwa ameondoka kwenda msibani Kibamba, arudi Alhamisi. Kwa hiyo barua ilikaa kwangu. Jumatatu ilikaa kwangu. Jumanne asubuhi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu wakati nazipanga nazi, na nikawaza kwamba naweza kumpelekea kwa siku mbili hizi, nani angejua? Nikasema nitapita jioni nikifunga meza.

Wakati huo yeye alikuwa anatembea kuelekea bandarini kumkumbusha yule mtu wa kibarua. Mgambo walimchukua barabarani pamoja na wengine. Jioni sikupita. Mie niliambiwa Jumatano, na mteja aliyekuja kununua nazi mbili, aliyeniambia kama habari ya mtaani tu, yule kocha wenu naye kapitiwa na msako.

Niliacha meza wazi, nikaenda mbio kwenye ua walikokuwa wanakusanyia watu. Geti lilikuwa limefungwa, ndani kimya. Mgambo mmoja kijana alikuwa kwenye kiti anakula muwa. Nilitoa nailoni, nikaifungua, nikamwonyesha. Akasoma yote, mpaka muhuri.

"Lori limeondoka alfajiri," alisema. "Hii ni ya nani?"

"Ya mtu mliyemchukua jana. Ana kazi. Imeandikwa hapo."

"Kama ni yake, wewe unayo ya nini?"

Nikauliza lori limekwenda kijiji gani. Akasema vijiji ni vingi.

Alinirudishia barua, akatema kapi la muwa, kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, miguu yangu yenye vumbi, mikono mitupu, mchana wa siku ya kazi.

"Na wewe," akasema, "yako iko wapi?"

Nilitoa karatasi yangu ya sokoni. Muhuri ulikuwa ule ule. Akaiangalia kidogo tu, akanirudishia, akaniambia nipite.